Wasanidi wako Nairobi, Kigali na Pune, nami niko Mwanza: nitajuaje kwamba "sawa" yao ni ya kuelewa?

mratibu_mwanza ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaomba ushauri wa wale waliowahi kusimamia ujenzi wa programu huku wanaoijenga, yaani wasanidi, wakiwa mbali nao.

Mimi ni mratibu wa mfumo unaotengenezwa kwa ajili ya vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, hapa Kanda ya Ziwa. Sikusomea kuandika programu. Kabla ya kazi hii nilikuwa mhasibu wa chama kwa miaka tisa, na ndiyo sababu nilipewa jukumu la kuwaeleza wasanidi kile ambacho vyama vinahitaji. Wasanidi wenyewe ni wanne: wawili wako Nairobi, mmoja yuko Kigali na mmoja yuko Pune nchini India. Hatujawahi kuonana ana kwa ana. Tuna kundi la WhatsApp ambamo mazungumzo mengi ni ya Kiswahili, tuna simu ya video kila Jumatatu, na maagizo makubwa huwa ninayatuma kwa barua pepe kwa Kiingereza ili mwenzetu wa Pune naye asome.

Mwezi uliopita niliandika kwamba riba ya mikopo ni asilimia 18 kwa mwaka, ikokotolewe kwa utaratibu wa kawaida wa chama. Wote wanne walijibu "sawa". Baada ya wiki tatu nilifungua mazingira ya majaribio, nikaingiza mkopo wa shilingi 1,200,000 wa miezi 12, na mfumo ukanionyesha riba ya shilingi 216,000. Kwenye daftari letu mkopo huohuo una riba ya shilingi 117,000, kwa kuwa mwanachama anarejesha 100,000 ya mkopo kila mwezi na riba ya mwezi, asilimia 1.5, inatozwa kwenye kiasi kilichobaki tu. Wasanidi walikuwa wameitoza kwenye mkopo wote wa awali tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Tofauti ya shilingi 99,000 kwa mkopo mmoja, kwa mama anayeuza samaki Kirumba, ni mtaji wa wiki nzima. Nilipouliza kwa nini hakuna aliyeniuliza, mmoja wao alisema kwa upole kwamba alidhani utaratibu wa kawaida ni huo.

Jambo la pili ni la saa. Niliandika kundini kwamba tutajaribu moduli ya marejesho saa 9, nikimaanisha saa tisa alasiri. Mmoja wa wale wa Nairobi akampelekea mwenzake wa Pune tarakimu hiyo kama ilivyo, naye akakaa mbele ya kompyuta saa tatu asubuhi ya kwao, wakati sisi huku ilikuwa saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Alisubiri saa nzima, akaondoka, na siku ikapotea.

Mkurugenzi wangu anapendekeza tuwe na simu ya video kila siku. Mimi ninahofia kwamba tutaongeza "sawa" nyingine tano kwa wiki bila kuongeza uelewa. Je, tuongee zaidi au tuandike zaidi? Na nitajuaje, kabla ya wiki tatu kupita, kwamba niliyoyasema ndiyo yaliyosikika?

---

fundi_nairobi amejibu:

Dada Mratibu, pole kwa hilo, na hongera kwa kuligundua kabla fedha za wanachama hazijaguswa. Nimeandika programu za fedha hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo nitakujibu nikiwa upande wa wanaopokea maagizo.

Sentensi yako kuhusu asilimia 18 ina maana moja kwako kwa sababu umelala na daftari hilo kwa miaka tisa, lakini mbele ya msanidi ina maana zisizopungua tatu. Ya kwanza ni hiyo waliyoijenga, ambayo taasisi nyingi za mikopo midogo huitumia kweli, kwa hiyo usidhani walifanya uzembe. Ya pili ni ya kwenu, ambapo sehemu ya mkopo inayorejeshwa ni ileile kila mwezi na riba inapungua, hivi kwamba mwezi wa kwanza mwanachama analipa jumla ya 118,000 na mwezi wa mwisho 101,500. Ya tatu nayo inatoza riba kwenye salio linalopungua, ila awamu zote zinalingana: kwa mkopo wako kila awamu ingekuwa takriban shilingi 110,016, na riba yote ingefika takriban 120,192. Tazama hatari iliyopo hapo. Hata kama ungeandika "riba itozwe kwenye salio linalopungua", na kila mtu akaelewa kila neno, bado wangeweza kukuletea 120,192 badala ya 117,000, na tofauti hiyo ndogo ingepita majaribio bila mtu kuiona mpaka mkaguzi wa hesabu aje.

Kwa hiyo, agizo lolote linalohusu hesabu liandike pamoja na mfano uliokokotolewa kwa mkono hadi mwisho. Chukua mikopo mitatu ya kweli kutoka kwenye daftari, ondoa majina ya wanachama, na uweke jedwali lenye tarehe, awamu, riba na salio la kila mwezi. Halafu ongeza ile mikopo inayosumbua: mwanachama aliyelipa 150,000 pale alipotakiwa kulipa 118,000, mwanachama aliyechelewa siku kumi, mwanachama aliyemaliza mkopo mwezi wa tano. Msanidi anayejua kazi yake atayageuza majedwali hayo kuwa majaribio yanayoendeshwa na kompyuta kila mara msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, unapobadilishwa, na kuanzia hapo hesabu yako ya uhasibu inailinda programu hata siku ambayo wewe hupo. Wewe unaona kwamba hujasomea programu, lakini kitu ambacho wasanidi wako wamekikosa ni kile ulichonacho wewe peke yako.

La pili ni uzito wa maneno. Sisi wa pwani na bara tumelelewa kuagiza kwa adabu: "ingekuwa vizuri kama mfumo ungemzuia mtu kukopa mara mbili." Mtu wa Mwanza anasikia amri ndani ya adabu hiyo, mtu mwingine anasikia pendekezo la siku ambayo kazi itakuwa chache. Waliotengeneza kanuni za intaneti walikutana na tatizo hilihili, na mwezi Machi 1997 Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard aliandika waraka namba 2119 wa jopo linaloitwa IETF, ambao kazi yake ni kueleza maana ya maneno machache tu. Neno la lazima linamaanisha kwamba hakuna njia nyingine. Neno la kupasa linamaanisha kwamba unaweza kuwa na sababu nzuri ya kuacha, lakini uipime sababu hiyo kwa ukamilifu kabla ya kuacha. Neno la hiari linamaanisha hiari kwelikweli. Fanyeni hivyo hivyo: kubalianeni kwamba kwenye maagizo yenu kuna "lazima", "inapasa" na "hiari", na maneno mengine yote ya upole yabaki kwenye salamu, ambako yana kazi yake.

Kama mkurugenzi wako atasema kwamba haya ni makaratasi mengi, mweleze kisa cha chombo cha Mars Climate Orbiter. Wahandisi wa Lockheed Martin walikuwa Colorado, na waliokiongoza chombo walikuwa kwenye maabara ya NASA huko Pasadena, California. Programu ya upande mmoja ilitoa takwimu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza na upande wa pili ukazisoma kana kwamba ni newtoni za mfumo wa metriki, tofauti ya takriban mara 4.45. Tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Bodi iliyochunguza ilitaja, miongoni mwa mambo yaliyochangia, kwamba baadhi ya njia za mawasiliano baina ya makundi ya wahandisi hazikuwa rasmi vya kutosha. Wote walikuwa watu hodari, wa nchi moja na lugha moja.

---

mtanga_munich amejibu:

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, ninafanya kazi Munich kwenye kikosi ambacho wenzangu wengine wako Toronto na Nairobi, kwa hiyo hilo la saa limenigusa.

Mna bahati ambayo huenda hamjaitambua: Tanzania, Kenya, Rwanda na India hazibadilishi saa katika mwaka. Sisi huku husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali Toronto huanza Jumapili ya pili ya Machi na kurudi Jumapili ya kwanza ya Novemba, na katika zile wiki chache za katikati mikutano yetu yote huvurugika. Ninyi mkishaandika ratiba yenu mara moja, itadumu. Ila msisahau kwamba Kigali iko nyuma ya Mwanza kwa saa moja ingawa ni majirani, na Pune iko mbele kwa saa mbili na nusu.

Andika saa kwa mtindo wa tarakimu 24 na utaje mji: "15:00 Mwanza, 14:00 Kigali, 17:30 Pune." Kwenye mazungumzo endelea kusema saa tisa alasiri, kwa sababu ndiyo lugha yetu na haina kosa lolote, lakini tarakimu 9 isiyo na neno la asubuhi wala alasiri isionekane tena kwenye maandishi ya kazi. Na tarehe nazo, taja mwezi kwa jina, kwa maana 03/04 kwa wengine ni tarehe 3 Aprili na kwa wengine ni tarehe 4 Machi.

Kwa mkutano wa pamoja, ningechagua 11:00 ya Mwanza, ambayo ni 10:00 Kigali na 13:30 Pune. Wote mnakuwa katikati ya siku ya kazi, hakuna anayeamshwa wala anayezuiwa kurudi nyumbani.

Tengenezeni pia kalenda moja ya sikukuu za nchi zote nne. Tarehe 7 Aprili kwetu ni Siku ya Karume na ofisi zimefungwa. Rwanda siku hiyohiyo inaanza juma la maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994, na mwenzenu wa Kigali hapaswi kupata ujumbe wa kumuuliza tiketi yake, yaani kazi aliyoandikiwa kwenye mfumo wa kufuatilia kazi, imefika wapi. Vilevile Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi yuko kwenye umuganda, kazi za pamoja za jamii. Tarehe 20 Oktoba wale wa Nairobi wana Siku ya Mashujaa, na tarehe 15 Agosti India inaadhimisha uhuru wake. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini mtu ambaye sikukuu yake imekumbukwa na bosi wa mbali hufungua mdomo kwa urahisi zaidi siku inayofuata.

Kuhusu maamuzi, nitakueleza utaratibu tuliouchukua kutoka Apache Software Foundation, taasisi ya programu huria iliyoundwa mwaka 1999 ambayo wachangiaji wake wametapakaa duniani. Huko uamuzi hufanywa kwenye orodha ya barua pepe ya mradi ambapo kila mmoja anaweza kuusoma, na kura kwa kawaida huachwa wazi kwa muda usiopungua saa 72, ili mtu wa bara lolote apate nafasi ya kuamka, kusoma, kutafakari na kupinga. Watu wawili wakizungumza pembeni wanaweza kukubaliana, lakini makubaliano yao hayajawa uamuzi mpaka yafikishwe pale. Sisi tumepunguza muda kuwa siku mbili za kazi. Pendekezo linaandikwa kwenye ukurasa mmoja: tunataka kufanya nini, kwa nini, tulifikiria njia gani nyingine, nani ataathirika. Siku mbili zikipita bila pingamizi, tunaandika tarehe na kuendelea. Mwaka jana mtu mpya aliuliza kwa nini tunahifadhi fedha kwa senti badala ya desimali, na badala ya kubishana tena tulimwonyesha ukurasa wa miaka mitatu nyuma.

---

dada_wa_goma amejibu:

Dada yangu, wenzangu wamesema mengi ya maana, lakini wameanza na maandishi, na mimi ningeanza na ile "sawa".

Ninatoka Goma, nimekuwa msanidi kwa miaka sita, na karibu wote niliowafanyia kazi sijawahi kuonana nao. Nimeandika "sawa" mara nyingi wakati sijaelewa, na nitakueleza kwa nini. Wakati mwingine agizo lilikuja mbele ya watu wanne, na wenzangu watatu walikuwa wamekwisha kujibu sawa. Kuuliza peke yangu kungeonekana kama mimi ndiye dhaifu. Wakati mwingine aliyeagiza alikuwa mkubwa wangu kwa umri, na kwetu mkubwa haulizwi mara mbili. Na mara nyingi nilikuwa ninadhani kwa dhati kwamba nimeelewa. Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu hata mtu mwaminifu kabisa akiulizwa "umeelewa?" atasema ndiyo.

Kwa hiyo usiulize tena "mmeelewa?" Uliza: "Utaanza na nini, na mkopo wa 1,200,000 utaonyesha nini mwezi wa pili?" Aliyeelewa atakuambia kwamba riba ya mwezi wa pili ni 16,500, kwa kuwa salio limekuwa 1,100,000. Aliyeelewa kinyume atakuambia 18,000, na utakuwa umelijua kosa siku ileile badala ya wiki ya tatu. Bosi wangu wa sasa hufanya hivi kwa kila tiketi: aliyepewa kazi anaandika kwa maneno yake mwenyewe aya moja ya anachokwenda kujenga, na hagusi msimbo mpaka aliyeagiza ajibu. Mwanzoni niliona kama ninapimwa. Baada ya mwezi niliona kwamba aya ile inanilinda mimi kuliko inavyomlinda yeye, maana kazi ikikataliwa tunarudi kusoma tulichokubaliana.

Na yule wa kwanza atakayeuliza swali, hata liwe dogo namna gani, mshukuru palepale kundini mbele ya wote. Sijui njia nyingine iliyo rahisi kuliko hiyo ya kuwafanya wengine waulize.

Halafu kuna Kiswahili chenyewe. Tunadhani kwamba kwa kuwa wote tunakizungumza tunasikilizana, lakini Kiswahili changu cha Goma, chako cha Mwanza na cha wale wa Nairobi vina njia tofauti, na hata maneno tunayoshirikiana yana mitego. Niliwahi kupewa agizo kwamba ujumbe wa simu umfikie mteja "mara moja" baada ya kulipa. Nilijenga mfumo unaotuma ujumbe mmoja tu, na mtandao wa simu ukikataa, hautumi tena, kwa sababu nilisoma kwamba usitumwe zaidi ya mara moja. Aliyeagiza alimaanisha papo hapo. Ujumbe ukawa unapotea kila mtandao unaposumbua, na wateja wakaanza kulipa mara ya pili wakidhani malipo ya kwanza hayakufika. Neno lilikuwa sahihi kwake na sahihi kwangu pia. Tangu hapo ninaandika "ndani ya sekunde 30, na ukishindikana ujaribiwe tena mpaka mara tatu".

Na mwenzenu wa Pune, nakuomba umfikirie. Mazungumzo mengi ya kundi ni ya Kiswahili, na ujumbe wa sauti wa dakika nne hata mimi siwezi kuutafuta tena wiki ijayo nikihitaji neno moja lililomo. Yeye anaishi na kazi ambayo nusu yake hupita kichwani kwake bila kumfikia, akitegemea tafsiri ya mwenzake mmoja, na kisa cha saa tisa kilitokana na hilohilo. Ongeeni Kiswahili kwa raha zenu, lakini jambo lolote litakalobadilisha msimbo liandikwe kwenye tiketi kwa lugha ambayo wote watano mnaisoma.

---

mzee_wa_seva amejibu:

Mdogo wangu, nimesoma ushauri wa wenzangu na sina ugomvi nao, ila nina hofu kwamba ukiufuata wote kwa pamoja utageuka karani wa kuandika kurasa. Niko Dar es Salaam, nimesimamia seva na wasanidi tangu tulipokuwa tukitumia intaneti ya satelaiti, na nimeona pia miradi iliyokufa ikiwa na nyaraka nzuri sana ambazo hakuna aliyezisoma.

Frederick Brooks, aliyesimamia ujenzi wa mfumo endeshi wa OS/360 pale IBM katika miaka ya 1960, alionyesha hesabu rahisi: watu wakiwa n, njia za mawasiliano baina yao ni n mara (n kutoa moja), kisha ugawe kwa mbili. Ninyi mko watano, kwa hiyo njia ni 10. Mkiwa wanane zitakuwa 28. Njia kumi bado zinabebeka. Kwa idadi yenu, simu ya dakika saba kati ya watu wawili mara nyingi hutibu kile ambacho barua kumi hukikoroga, hasa pale ambapo mtu ameudhika, kwa kuwa maandishi hayabebi sauti na aliyeudhika husoma hata salamu kama lawama. Kanuni yangu ni kwamba jambo likishajibizana mara tatu kwa maandishi bila kuisha, piga simu. Na aliyepiga ndiye anayeandika mistari mitatu ya mlichokubaliana kwenye tiketi kabla hajainuka kitini.

Simu ya kila siku ya watu wote, hiyo ninaipinga pamoja nawe. Msanidi akikatizwa katikati ya kazi inayohitaji utulivu huchukua muda mrefu kurudi pale alipokuwa. Kila mmoja aandike asubuhi mistari michache: jana nilimaliza nini, leo ninashika nini, nimekwama wapi. Hilo la kukwama ndilo la kusoma kwanza, na lijibiwe siku hiyohiyo.

Hata hivyo kuna sababu moja ya kuandika ambayo haijatajwa, nayo inatuhusu sisi wa ukanda huu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikalegea katika nchi zetu kadhaa kwa siku nyingi. Simu za video hazikuwezekana. Kikosi changu hakikusimama, kwa sababu maagizo yalikuwa maandishi matupu yanayopita hata kwenye mtandao dhaifu, na kwa sababu Git, programu ya kutunza mabadiliko ya msimbo ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya watengenezaji wa mfumo endeshi wa Linux waliotawanyika duniani, humpa kila msanidi nakala kamili ya msimbo na historia yake kwenye mashine yake mwenyewe. Kwa hiyo wahimize wasanidi wako kwamba kila badiliko wanalolihifadhi liandikiwe maelezo ya kwa nini limefanywa. Kilichobadilika kinaonekana kwenye msimbo wenyewe. Sababu yake haionekani popote isipoandikwa.

La mwisho, na kwangu ndilo kubwa: kama chama kina uwezo wa nauli, walete angalau wale wawili wa Nairobi Mwanza kwa siku mbili, na uwakalishe nyuma ya dirisha la keshia siku ya kutoa mikopo. Usiwahutubie. Waache waone mwanachama anavyofungua kitambaa chenye pesa, anavyouliza mara tatu kama amebakisha kiasi gani, na keshia anavyojibu huku foleni ikisukuma. Wakirudi Nairobi, maagizo yako watayasoma wakiwa na sura za watu.

---

mratibu_mwanza amejibu:

Wakubwa zangu na dada yangu wa Goma, asanteni sana. Nilinyamaza kwa siku kumi na mbili kwa sababu nilitaka kujaribu kwanza ndipo nirudi.

Nimeandika upya agizo la riba. Limekuwa na kurasa mbili, na moja na nusu kati ya hizo ni majedwali ya mikopo mitano kutoka kwenye daftari, likiwemo la mwanachama aliyelipa zaidi na la aliyemaliza mapema. Nimetumia "lazima" mahali sita na "hiari" mahali pamoja, na nilipokuwa nikichagua niligundua kwamba mambo mawili niliyokuwa nikiyadai kwa ukali hayakuwa ya lazima hata kidogo. Mikutano tumeihamishia 11:00 ya Mwanza. Mkurugenzi amekubali kuacha simu ya kila siku kwa majaribio ya miezi miwili, na nauli ya wenzetu wa Nairobi imeingizwa kwenye bajeti ya robo ijayo.

Kisha nikaomba kila mmoja aandike aya yake ya alichoelewa. Wawili waliandika vizuri. Wa Kigali alikuwa ameelewa kwamba anayelipa zaidi apunguziwe awamu inayofuata, wakati kwetu kiasi cha ziada kinapunguza mkopo wenyewe. Tukalimaliza kwa simu ya dakika tano, naye akaandika matokeo kwenye tiketi.

Mwenzetu wa Pune, ambaye kwa miezi minne hakuwahi kuuliza lolote, aliandika aya tatu na swali moja: mkopo ukitolewa tarehe 31 Januari, awamu ya kwanza inalipwa siku gani, ilhali Februari haina tarehe 31, na je, awamu ya Machi inarudi tarehe 31 au inabaki pale Februari ilipoishia? Nilimshukuru kundini mbele ya wote kama nilivyoelekezwa. Katika miaka yangu tisa ya uhasibu tulikuwa tukiamua jambo hilo kwa macho, kila mhasibu kivyake, wala halimo kwenye masharti ya chama. Nimelipeleka kwa mwenyekiti wa kamati ya mikopo. Kikao ni Alhamisi, na uamuzi wao utaandikwa kwenye tiketi hiyohiyo kabla msimbo haujaguswa.